Mgeni njoo, mwenyeji apone: Somo la afya kutoka kwa Msweden aliyehamia Kusini mwa Afrika

Homa inayompata mtu siku kumi baada ya safari ni homa ya kupimwa siku hiyohiyo, hata kama mtu huyo amezaliwa na kukulia Afrika. Hilo ndilo ningependa ubaki nalo leo. Ili tulifikie vizuri, tutapitia maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa Afrika kabisa: Msweden aliyehamia Kusini mwa Afrika kikazi pamoja na familia yake, na ambaye hupenda kukaa nje kuliko ndani. Ni familia ya mfano tu, lakini safari zake ni za kawaida kabisa huko.

Kwa nini Msweden? Kwa sababu wengi wenu mna kaka, dada au mtoto anayeishi Johannesburg, Pretoria au Cape Town. Wengine mna ndugu Stockholm au Göteborg wanaokuja likizo na watoto. Mito, mbuga na maziwa wanayokwenda ni yaleyale. Tofauti ni kwamba mgeni huuliza kabla ya kuingia majini au porini, na sisi wenyeji hujiona tunajua tayari. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Watu wa hewa ya nje

Sweden iko kaskazini sana. Mjini Stockholm mwezi Desemba, jua huonekana kwa takriban saa sita tu kwa siku, na kaskazini zaidi kuna wiki ambazo halichomozi kabisa. Ungedhani watu wa nchi ya namna hiyo hujifungia ndani. Wao hutoka. Wana neno lao, friluftsliv, yaani maisha ya hewa ya nje. Wana pia haki inayolindwa na sheria za nchi ya kutembea msituni, kuchuma matunda pori na uyoga, hata kupiga hema kwa usiku mmoja, mradi mtu asiharibu mali wala kumsumbua mwenye nyumba. Watoto wa chekechea hutolewa nje kila siku, iwe mvua au theluji, wakiwa wamevalishwa ipasavyo.

Familia hiyo ikihamia Pretoria, inakuta jua karibu mwaka mzima. Inakuta pia kuta ndefu, mageti, na mitaa ambayo wenye magari huenda na gari hata dukani. Siku za kazi zinaisha ofisini, shuleni na kwenye foleni. Kwa hiyo hamu yote ya kutoka inangoja mwisho wa wiki. Jumamosi saa mbili asubuhi wanakwenda parkrun, mbio za bure za kilomita 5 zinazofanyika kwenye bustani za umma, ambako wanaokimbia na wanaotembea wote wanakaribishwa. Jumapili wanapanda milima ya Magaliesberg. Desemba shule zikifungwa, wanakwenda Mbuga ya Kruger, milima ya Drakensberg, pwani ya Msumbiji, au Ziwa Nyasa, ambalo Wamalawi huliita Ziwa Malawi.

Tuwe wakweli: familia hii ina gari, bima ya afya na likizo ya kulipwa. Dada wa kazi na mlinzi wa geti lao huenda wanatembea kwa miguu mara mbili yao kila siku, na hakuna anayeiita burudani. Hata hivyo, desturi ya kuwatoa watoto nje haihitaji fedha nyingi, na faida zake tunazijua.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha. Kwa watoto kuna faida ambayo wazazi wengi hawaijui: mwanga wa nje husaidia kuzuia macho yasianze kushindwa kuona mbali. Mtoto anayekaa ndani na simu au vitabu siku nzima yuko kwenye hatari zaidi ya kuhitaji miwani. Saa mbili nje kwa siku, hata kivulini, ni kinga nzuri.

Basi kutoka nje ni dawa. Lakini kila dawa ina maelekezo yake, na maelekezo hubadilika kulingana na mahali. Tuyapitie.

Jua la juu mlimani

Johannesburg iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja ni nyembamba zaidi. Hewa ya huko inaweza kuwa ya baridi, mtu asihisi joto, na jioni akajikuta mabega yamebabuka. Msweden mwenye ngozi nyeupe hujifunza haraka: kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, losheni ya kukinga jua ya namba 30 au zaidi inayopakwa tena kila baada ya saa mbili, na kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Mtoto wa chini ya miezi sita awekwe kivulini, asitegemee losheni.

Ngozi nyeusi ina kinga ya asili, lakini si kinga kamili. Kwetu saratani hatari ya ngozi inayoitwa melanoma hujitokeza mara nyingi kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo watu huichukulia kama doa au jeraha la kiatu. Doa jeusi linalokua, au kidonda cha unyayo kisichopona, kionwe na daktari. Na kama una mtoto mwenye ualbino, maelekezo ya Msweden ni ya kwake pia, tena kila siku tangu utotoni, shuleni na nyumbani.

Kupe wa kule si kupe wa huku

Msweden anawajua kupe. Kwao kupe huambukiza ugonjwa wa Lyme, na pia virusi vinavyoshambulia ubongo, ambavyo vina chanjo. Watoto wakirudi kutoka msituni hukaguliwa mwili mzima. Desturi hiyo ahamie nayo. Anachopaswa kujua ni kwamba chanjo aliyochomwa kwao haimkingi na kupe wa Kusini mwa Afrika, ambao hubeba vimelea vingine kabisa.

Ugonjwa wao unaitwa homa ya kupe ya Afrika. Siku tano hadi kumi hivi baada ya kutembea kwenye nyasi ndefu au malisho ya ng'ombe na wanyama pori, mtu hupata homa, maumivu makali ya kichwa na misuli, na mitoki au tezi zilizovimba. Ukimkagua vizuri unakuta alama: kidonda kidogo kisichouma sana chenye kigaga cheusi katikati, wakati mwingine viwili au vitatu. Mara nyingi hujificha nyuma ya goti, kinenani, kwapani, au chini ya nywele za mtoto. Anayekiona kidonda hicho mapema amerahisisha kazi ya daktari. Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini, na kwa kawaida mgonjwa hupata nafuu haraka. Kwa mtoto au mjamzito, uamuzi wa dawa ni wa daktari.

Kupe akiwa bado ameng'ang'ania, usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumzungusha, kisha osha pale kwa maji na sabuni. Usimtumbue kwa vidole.

Kwa wasomaji wa Dodoma na mikoa ya kati: msimchanganye kupe huyu na papasi, anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na kuuma usiku. Papasi huleta homa nyingine, ile inayokuja, kupoa, kisha kurudi.

Maji matamu yanayovutia

Hapa ndipo wageni wengi walipoponzwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Ziwa Nyasa iliaminika kuwa haina kichocho. Wasafiri waliogelea na kuzamia Cape Maclear, kusini mwa ziwa, bila wasiwasi. Katika miaka ya 1990 madaktari walithibitisha kwamba wageni walikuwa wakiambukizwa palepale, wengine bila kuonyesha dalili yoyote.

Kichocho huletwa na minyoo inayokulia ndani ya konokono wa maji baridi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono, huelea majini na kupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Havihitaji kidonda, wala huhitaji kunywa maji hayo. Kujifuta kwa taulo haraka ukitoka majini si kinga ya kutegemea. Baharini hakuna kichocho, na bwawa la kuogelea lililotiwa klorini vizuri ni salama. Mito na mabwawa ya upande wa mashariki wa Afrika Kusini, Ziwa Kariba, na kwetu Ziwa Victoria, ni maeneo ya kuwa mwangalifu.

Wiki mbili hadi nane hivi baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, hasa kwa mgeni, inaweza kuja homa, upele unaowasha, kikohozi na kuharisha. Watu wengi hawapati dalili hizo. Minyoo hukaa kimya mwilini kwa miaka, huku mayai yake yakijeruhi kibofu, ini au utumbo. Dalili ya kibofu ni damu kwenye mkojo. Bado nasikia wazazi wakisema kijana akikojoa damu ni dalili ya kubalehe. Si kweli. Ni ugonjwa, na unatibika.

Kwa wasichana na wanawake, mayai hayo huweza kujeruhi njia ya uzazi, yakaleta maumivu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, hata ugumba. Wengi hutibiwa mara nyingi kama wagonjwa wa magonjwa ya zinaa, wakabeba aibu isiyo yao. Ukienda kliniki na dalili hizo, sema kama ulikua ukioga au kuchota maji mtoni au ziwani.

Msweden aliyeogelea hupima miezi miwili hadi mitatu baada ya kutoka majini, kwa sababu kipimo cha mapema kinaweza kukosa kuona. Dawa ni prazikwanteli, ileile wanayogawiwa watoto wetu shuleni. Siku ya kugawa dawa, usimzuie mwanao.

Mlimani: radi na chupa ya maji

Kwenye nyanda za juu za Johannesburg na milima ya Drakensberg, mvua za kiangazi chao, Novemba hadi Machi, huja alasiri pamoja na radi kali. Wanaopanda milima huondoka alfajiri ili saa sita wawe wanashuka. Ukisikia ngurumo, umeshachelewa kubaki uwanjani. Ingia ndani ya jengo au gari, usikae chini ya mti, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kanuni hii ni ya kwetu pia, kwa watoto wanaocheza mpira mvua ikija na kwa wakulima walio shambani.

Kuhusu maji, watu wengi wanajua hatari ya kukaukiwa. Wachache wanajua hatari ya upande wa pili. Afrika Kusini ina mbio maarufu za Comrades, takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanza mwaka 1921. Katika miaka ya 1980 daktari Tim Noakes na wenzake walieleza kuhusu wakimbiaji wa mbio ndefu waliozidiwa kwa sababu ya kunywa maji mengi kupita kiasi, hadi chumvi ya mwili ikashuka na ubongo kuvimba. Mkimbiaji wa namna hiyo huchanganyikiwa, hutapika, na huweza kupata degedege. Kwa shughuli za kawaida kanuni ni rahisi: kunywa unapohisi kiu, na usijilazimishe. Watoto wadogo na wazee wakumbushwe, maana kiu yao si ya kutegemea.

Nyoka nao wapo. Ukiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na bangili, tuliza kiungo kilichoumwa kisitikisike, na uwahishwe hospitali. Usipoteze muda kumtafuta nyoka. Ukiumwa na mbwa, nguchiro au mnyama yeyote mwenye manyoya, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbu, na kinga tunayodhani tunayo

Sasa turudi kwenye homa.

Johannesburg, Pretoria na Cape Town hazina maambukizi ya kawaida ya malaria. Nchi ya Lesotho, iliyoko milimani, haina kabisa. Lakini ukiendesha gari saa chache tu kuelekea mashariki na kaskazini, unaingia nyanda za chini za Limpopo na Mpumalanga, ambako Mbuga ya Kruger ipo, na kaskazini mwa KwaZulu-Natal. Huko msimu wa malaria ni Septemba hadi Mei. Msumbiji ina malaria mwaka mzima. Aina iliyoenea ni ileile kali ya falsiparamu tunayoijua sisi.

Msweden kabla ya safari huenda kliniki ya wasafiri, hupewa dawa kinga ya kumeza, hujipaka dawa ya kufukuza mbu jioni, hulala ndani ya chandarua. Akirudi humalizia dawa zake kama alivyoandikiwa. Akipata homa wiki ya pili, jambo la kwanza analosema kwa daktari ni, "Nilikuwa Kruger."

Ndugu yetu anayeishi Johannesburg miaka minane hafanyi hivyo. Anasema, "Mimi nimekulia Kigoma, malaria nimeumwa mara ishirini." Anakuja nyumbani Desemba bila dawa kinga, anarudi Januari, anapata homa, anadhani ni mafua, anameza vidonge vya kutuliza maumivu na kwenda kazini. Akifika hospitali siku ya tano, hali inaweza kuwa mbaya.

Elewa jinsi kinga hii inavyofanya kazi. Mtu anayeumwa na mbu wa malaria mara kwa mara tangu utotoni hujenga kinga kiasi, inayomfanya asizidiwe haraka. Kinga hiyo hudumishwa na kuumwa tena na tena. Ukikaa mbali, inapungua. Mtoto wako aliyezaliwa Pretoria au Stockholm hajawahi kuwa nayo. Jina lake la Kiha au Kisukuma halimkingi. Katika nchi za Ulaya, kundi kubwa la wanaorudi na malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia ndugu.

Na wala huhitaji pasipoti kuingia kwenye hatari hii. Mtoto aliyekulia Njombe au Arusha mjini, ambako malaria ni kidogo, akienda likizo kwa bibi Geita au Kigoma ni mgeni huko kama alivyo Msweden Kruger. Mjamzito, popote atokako, ashauriane na kliniki kabla ya kusafiri.

Dalili za malaria kwa kawaida huanza kuanzia siku ya saba baada ya kuumwa na mbu, na nyingi huonekana ndani ya mwezi mmoja, lakini zinaweza kuchelewa hadi miezi mitatu na zaidi. Kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ipimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna, na homa inaendelea, rudia kesho yake. Mara chache mbu husafiri ndani ya gari au begi, akamuuma mtu wa Johannesburg ambaye hakwenda popote. Homa isiyoeleweka, basi, istahili kipimo hata kwa aliyebaki nyumbani.

Mtoto akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akiwa amepauka au mlegevu asiyeamka vizuri, usisubiri asubuhi.

Kwa walioko Sweden

Somo lina upande wa pili. Ukihamia kaskazini, jua ndilo linalokosekana, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D. Sweden watoto wote hupewa matone ya vitamini D kuanzia wiki ya kwanza hadi miaka miwili, na wenye ngozi nyeusi hushauriwa kuendelea baada ya hapo. Usiyaache kwa kuwa mtoto anaonekana mnene na mwenye afya. Uliza pia kuhusu chanjo ya kupe, hasa kama mnaishi karibu na Stockholm.

Kabla na baada ya safari

Kabla ya kuondoka, iwe ni Kruger au kijijini kwa babu, uliza maswali manne. Je, kuna malaria, na ni msimu wake? Je, maji ya kuogelea yana kichocho? Wadudu na wanyama gani huuma watu pale? Hospitali ya karibu iko wapi, na tutafikaje usiku?

Ukirudi, andika kwenye simu yako mambo matatu: tulikuwa wapi na tarehe gani, nani aliingia majini, na nani aliumwa na nini. Akiugua mmoja wenu, mwonyeshe daktari maandishi hayo hata kama hajauliza. Chumba cha daktari kina foleni ndefu, na swali la safari husahaulika kirahisi. Dakika moja ya maelezo yako inaweza kuokoa siku tatu za dawa zisizo zake.

Na Jumamosi hii, kama afya inaruhusu, vaeni kofia mkatembee na watoto kabla jua halijawa kali. Simu ibaki nyumbani.